Siku Arobaini Bila Kidonge

Bondeni, Mombasa
8 Februari 1998

Shangazi Rispah,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na nyumbani Kaloleni nimewaacha wazima Jumapili iliyopita. Mvua za El Nino zilimwangushia Mama jiko, lakini tumelisimamisha tena mwezi uliopita, na safari hii nimemwekea mabati. Mbuzi wawili walikufa kwa baridi. Mama anakusalimu sana. Mwenye nyumba wangu hapa Bondeni, Bi Mwanatumu, naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Ile picha yako uliyosimama kwenye theluji aliitazama mpaka miwani ikamwanguka, akasema, "Huyu shangazi yako ana moyo! Kukaa ndani ya barafu kama samaki!"

Mimi bado niko bandarini Mbaraki, karani wa kuhesabu magunia yanayoshuka melini, kutwa kupanda na kushuka ngazi ya kamba. Kazi si mbaya. Nafanya na kijana mmoja Mjaluo anaitwa Awiti, tunasikizana.

Sasa neno lililonikalisha niandike. Shangazi, nina chunusi. Najua utacheka, mtu wa miaka ishirini na sita. Sikuwa nazo nilipobalehe, zimekuja tangu katikati ya mwaka jana, na hazikuja kwa mchezo: paji la uso, mashavu, mpaka mgongoni. Wachukuzi wa pale Mbaraki wamenibatiza Mzee Karanga. Nisingejali, ila kuna msichana, Nanjala, mwalimu wa chekechea, mtu wa Bungoma. Baba yake atakuja pwani mwaka huu kunitazama, na mtu hutazamwa uso kwanza.

Nimesoma gazetini kwamba huko ughaibuni chunusi zinachomwa kwa mwanga wa leza, bila dawa. Wewe ni muuguzi wa wodi ya ngozi, ndiyo nikakukumbuka. Je, ni kweli? Inawezekana kabisa mtu kupona bila dawa? Maana mimi nataka njia ya bila dawa. Vidonge na sindano sitaki. Kama ipo hiyo ya bila dawa, niambie, nitaitafuta popote.

Usimwambie Mama kwamba nimekuandikia haya.

Mwanao,
Kenga


Leeds
2 Machi 1998

Baba Kenga,

Marahaba, baba. Jina ulilobeba ni la baba yangu mzazi, kwa hiyo hata ukinikera sina budi kukuheshimu kwanza. Pole kwa jiko na mbuzi. Huku baridi bado haijatuachia, magoti yangu yanalia kama mlango wa kanisa letu la zamani, lakini kazini naenda. Mwambie Bi Mwanatumu kwamba samaki wa barafuni haozi.

Leza ipo. Nimeiona kwa macho yangu, wodini kwetu iliingia miaka mitatu iliyopita. Huitumia kufifisha alama nyekundu ambazo watoto huzaliwa nazo usoni, na nyingine kulainisha makovu. Kwa chunusi zenyewe, yuko daktari mmoja anayeijaribu kwa watu wachache, na hata yeye haapi. Na wagonjwa wake wote niliowaona ni Wazungu. Mwanga ule hufuata rangi, baba. Ngozi yetu ina rangi nyingi, na akishika mashine asiyejua, chunusi zaweza kuondoka zikakuachia mabaka. Hilo ndilo jibu la ulichouliza.

Sasa na mimi nakuuliza ambacho hukukisema. Umeandika "bila dawa" mara nne. Nimehesabu. Wagonjwa wangu hapa hulilia dawa, na wewe waikimbia hata kabla hujapewa. Kwa nini? Chunusi hazimwanzi mtu wa ishirini na sita bure bure. Unajipaka nini? Kuna krimu za kujichubua zinauzwa huko mitaani, nazijua. Au umeingia kwa wale wanaojidunga sindano za kutunisha misuli? Kuna vidonge vyovyote unavyokunywa, vya aina yoyote? Nijibu swali moja baada ya jingine, usiniruke.

Na uniletee picha ya uso wako, iliyopigwa mchana, ukicheka.

Shangazi yako,
Rispah


Bondeni, Mombasa
29 Machi 1998

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia salama, nayo ilikuwa na harufu ya sabuni ya kizungu mpaka Bi Mwanatumu akaiomba ainuse. Mama hajambo. Anauliza utarudi lini, huu ni mwaka wa saba.

Nakujibu. Krimu sijipaki. Misuli sina, ukiniona utajua. Picha hii hapa, kanipiga Awiti pale Mbaraki. Nimecheka kama ulivyoagiza, ingawa siku hizi nikipiga mswaki fizi zinatoka damu.

Habari njema ni kwamba nimeipata leza papa hapa kisiwani. Ukitoka Bondeni kuelekea Kuze, orofani juu ya duka la vitambaa, pamefunguliwa pahali panaitwa Nuru ya Ngozi. Mwenyewe ni Bwana Griffins, kijana mtanashati, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni. Nilimuuliza, "Wewe ni daktari?" Akanijibu, "Daktari wa nini, ndugu yangu, na hapa hatutumii dawa? Mimi ni fundi wa mwanga." Alinilaza kitandani, akawasha mashine yenye mwanga mwekundu, akaupitisha usoni kwangu robo saa. Haikuuma, ni joto tu kama la jua la saa tatu. Ameniambia niende mara mbili kwa wiki. Ana masharti madogo madogo, si ya kukuchosha nayo.

Nanjala hapendi. Anasema mtu asiyejiita daktari akivaa koti la daktari anaficha kitu. Nimemwambia anachunguza sana, kama wewe.

Jambo jingine. Baba yake ametuma neno kwamba, kabla hajaja, anataka kuijua nyumba yetu: watu wake, na maradhi yake. Ameuliza marehemu baba yangu alikufa na nini. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Mama husema alikufa maji kisimani, basi, na nikiuliza zaidi huinuka akaenda kufanya jambo lisilo na haraka. Wewe ni dada yake. Ilikuwaje?

Mwanao,
Kenga


Leeds
20 Aprili 1998

Baba Kenga,

Marahaba. Pasaka tumeila salama. Waumini kumi na wawili, mchungaji ana mafua, lakini tuliimba. Natumai nawe ulikwenda Kaloleni ukala na mama yako. Kurudi nitarudi, kazi ndiyo inayonifunga.

Picha yako nimeikalia siku nne. Kwanza nilitazama chunusi. Kisha nikatazama fizi. Zimevimba, baba, zimeshuka juu ya meno. Chunusi na fizi vikija pamoja hivyo, kwa mtu mzima, sisi wauguzi huwa na swali moja tu, na swali hilo nilishakuuliza ukaliruka. Ulinijibu la krimu, ukanijibu la misuli, la vidonge ukapita kando yake kama mtu anayepita deni. Narudia. Kenga, kuna vidonge gani unakunywa, na nani aliyekupa, na kwa ugonjwa gani? Sitamwambia mtu.

Kuhusu huyo Griffins, nijibu haya. Je, alikuvisha miwani mizito au kukufunika macho kabla ya kuwasha? Leza ya kweli humpofusha mtu, hatuiwashi mpaka kila aliyemo chumbani, hata mwenye kufagia, amevaa miwani yake. Na haichukui robo saa kama kuota moto, hupiga kwa chembe ya sekunde, na mtu huisikia kama mpira wa kuvutika umemchapa. Kama hakukufunika macho, basi ile ni balbu nyekundu na wewe ni kifaranga cha kupashwa joto. Na hayo "masharti madogo madogo" ni yapi? Neno dogo huandikwa. Usiloliandika ndilo kubwa.

Ya baba yako yalipita zamani. Mwambie huyo mzee wa Bungoma kwamba alikufa maji, kama mama yako anavyosema.

Nijibu upesi.
Shangazi yako,
Rispah


Bondeni, Mombasa
17 Mei 1998

Shangazi,

Shikamoo. Huku wote wazima.

Hakunifunika macho, aliniambia niyafumbe. Nimekuelewa, lakini chunusi zimepungua, na anayeziona kwenye kioo ni mimi.

Umenitaka niseme, na mimi nasema hivi: usiwe na wasiwasi wa vidonge. Hakuna kidonge mwilini mwangu. Sharti la Griffins ndilo hilo ulilolitaka. Alinieleza kwamba mwanga na dawa havikai nyumba moja, na anayetaka leza ifanye kazi aache vidonge vyote siku arobaini. Nilisitasita kwanza, lakini nimelishika, na leo ni siku ya tisa. Unaona? Nilikuwa nikinywa, sinywi tena, na jambo limekwisha.

Nanjala alivikuta. Alikuja Jumamosi moja kumsaidia Bi Mwanatumu kupika, akaingia chumbani kwangu kutafuta majani ya chai, akafungua mkebe. Vilikuwa ndani ya karatasi niliyoichana jina. Akavishika kiganjani.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya kichwa."

"Kichwa gani hicho kinachotibiwa kwa kujificha?"

Ananidhania nina ugonjwa huu wa siku hizi, hakulitamka lakini tangu siku hiyo chai yangu haionji. Labda ndivyo unavyodhani na wewe. Sinao. Nilipima.

Na mimi nina la kukwambia, kwa heshima zote. Umeniuliza maswali mengi na mengine nimejibu. Mimi nimekuuliza moja tu, la baba yangu mzazi, ukanirudishia maneno ya Mama kama mtu anayerudisha sahani isiyooshwa. Kisima cha kwetu Kaloleni nimekitazama mwezi uliopita. Kina ukingo unaonifika kiunoni. Mtu mzima, mchana, anatumbukiaje? Kama alijiua, semeni. Kama aliuawa, semeni. Mtu anayenipeleleza fizi kwenye picha asinifiche kaburi.

Kenga


Leeds
29 Mei 1998

Kenga, mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Barua yako imefika asubuhi. Nimesoma "siku ya tisa", nikatazama tarehe uliyoandika, nikahesabu kwa vidole, nikaona leo ni siku ya ishirini na moja. Nimetoka na kanga kiunoni kwenda kwenye simu. Nambari ya pekee niliyo nayo ni ya duka la Jaffar pale Kuze, ile uliyonipa mwaka juzi. Nilipiga mara tatu. Mara ya tatu akapokea mwenyewe. Nilisita, maana nilisikia sauti za watu dukani, lakini nikamwambia: mwambie Kenga arudie vidonge vyake leo hii, na asipande ngazi. Nisamehe kama ulifedheheka. Kungoja posta wiki mbili nisingeweza.

Sasa nakuandikia nililolimeza miaka ishirini na tatu.

Wewe una kifafa. Hukuniambia, umeniambia na fizi zako. Nami nilikuwa tayari kukisikia, kwa sababu nilishakiona. Baba yako Dzoro alikuwa nacho.

Kilimwanza akiwa na umri kama wako. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nikampatia vidonge hospitalini, akavinywa miezi minane bila kuanguka hata mara moja. Kisha bibi yako akapata mganga aliyesema Dzoro ana pepo, na pepo huyo hakai na dawa za kizungu. Vidonge vikamwagwa chooni. Mimi nilikuwepo, Kenga. Nilikuwa nimesimama na sare yangu ya uanafunzi. Nilijua kwamba dawa hizi hazikatizwi ghafla, nilikuwa nimefundishwa mwaka ule ule, na nilinyamaza kwa sababu aliyezimwaga alikuwa mama yangu. Wiki ya tatu alikwenda kuteka maji asubuhi. Hapakuwa na ukingo wakati ule. Ukingo alijenga mama yako baada ya mazishi.

Hakujiua. Hakuuawa na mtu, au labda aliuawa na sisi sote kidogo kidogo. Tulikubaliana kusema alikufa maji, ili wewe usinyimwe mke wala kazi kwa ugonjwa wa baba yako. Kazi siyo iliyonizuia kurudi. Ni ile njia ya kuingia nyumbani, hupita kisimani.

Vinywe vidonge vyako. Uso uwe hata kama fenesi, vinywe.

Shangazi


Bondeni, Mombasa
21 Juni 1998

Shangazi,

Shikamoo. Ni mimi mwenyewe ninayeandika, kwa mkono wangu, kwa hiyo jua kwamba nipo.

Ujumbe wako ulinifikia ile Ijumaa jioni. Nilipita kununua mafuta ya taa, duka limejaa, na Jaffar akaniita kwa sauti yake ile: "We Kenga! Shangazi yako wa Ulaya kapiga simu. Asema urejee vidonge vyako leo leo, na ngazi usipande!" Watu wote wakanigeukia. Sikuona huruma yako, Shangazi, niliona aibu. Nikajiuliza nani amemwambia. Nikamshuku Nanjala. Nikaenda mpaka kwao nikamwambia mbele ya mwenzake wa chumbani kwamba yeye ndiye aliyekuandikia, kwamba ananichunguza kama askari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sijui hata anwani ya shangazi yako. Lakini sasa najua kwamba kuna kitu." Akafunga mlango. Na kwa ubishi tu, vidonge sikuvinywa, si Ijumaa, si Jumamosi, si Jumapili.

Jumatatu tarehe mosi nilikuwa nikipanda ngazi ya meli na makaratasi yangu kwapani, Awiti nyuma yangu. Nakumbuka ladha ya chuma mdomoni. Yaliyobaki nimehadithiwa. Awiti anasema nilitoa mlio kama mtu aliyeitwa kwa ghafla, nikaiachia kamba, nikalalia upande wa maji. Alinidaka mshipi. Mwili wangu wote unatingishika, na yeye amening'inia ngazi kwa mkono mmoja. Bega lake lilitoka mahali pake, Shangazi, lakini hakuniachia, mpaka wachukuzi wawili wakatufikia. Wengine walikimbia. Wanaogopa mate, wanasema yakikugusa nawe waanguka.

Niliamka juu ya magunia. Awiti alikuwa amekaa kando yangu, mkono umelala mapajani kama si wake. Nilimwambia, "Nisamehe." Akasema, "Ungeniambia ningekuwa ninapanda mbele yako au nyuma yako kila siku, nikijua. Ulinifanya nibahatishe." Mkono bado umefungwa kitambaa. Kila nikiuona nashindwa kumwangalia machoni.

Kilinianza Mei mwaka jana, chumbani, peke yangu. Nilikwenda hospitali nje ya kisiwa nisikojulikana, nikapewa vidonge vile, na baada ya mwezi mmoja uso ukaanza kuharibika. Sikuvihusisha. Niliona tu kwamba nimepata ugonjwa wa kuficha na uso wa kunifichua.

Bi Mwanatumu alikataa nipelekwe kwa mtu yeyote wa kupunga. Amenitandikia ukumbini kwake ili anione. Aliniambia, "Mficha maradhi kilio humfichua. Wewe kilio kimekukosa kwa mkono wa Mjaluo, mshukuru Mungu na umshukuru na huyo." Nimeanza vidonge tena.

Barua yako ya ukweli ilifika tarehe kumi na mbili. Mama alikuwa hapa, amekuja kuniuguza. Nilimsomea yote. Nilipofika kwenye choo na vidonge aliinuka, nami nilidhani anakwenda kutafuta kazi isiyo na haraka kama kawaida yake. Alisimama mlangoni akasema, "Rispah amefukua kaburi la mume wangu." Akafunga mzigo wake akarudi Kaloleni mchana ule ule.

Mbaraki wamenitoa melini, wamenipa dawati kwenye ghala. Nanjala sijamwona.

Nina hasira na wewe bado. Lakini ukweli ulioniandikia nisingebadilisha na kitu.

Mwanao,
Kenga


Leeds
9 Julai 1998

Baba,

Marahaba, marahaba. Nimesoma "jua kwamba nipo" nikakaa chini ngazini hapo hapo. Mpe Awiti mkono wangu, ule wake mzima. Mwambie kuna mwanamke Leeds anamtaja kila jioni katika sala.

Hasira yako ni haki yako, itunze mpaka ikuishie yenyewe. Mama yako nimemwandikia, hajajibu, na simlaumu.

Sikiliza sasa kama mgonjwa anavyomsikiliza muuguzi. Vidonge hivyo hivyo vinavyokuzuia kuanguka ndivyo vilivyokuletea chunusi na kuvimbisha fizi. Si kwa kila mtu, lakini kwako vimefanya hivyo. Ndiyo maana uliona nafuu ulipoviacha, ukadhani ni ile balbu. Hiyo ndiyo hila ya watu kama Griffins: huuza kivuli cha kitu kingine. Zipo dawa nyingine za kifafa ambazo haziuchezei uso. Nenda kwa daktari, mwambie yote, mwombe akubadilishie. Ataingiza mpya taratibu huku akipunguza ya zamani. Usiruke hata siku moja kwa akili yako. Fizi zipigie mswaki laini kila siku, hata zikitoka damu. Uso uoshe kwa sabuni ya kawaida, usiuminye.

Na leza? Ikiwa baada ya mwaka mmoja makovu yatakusumbua, tutaiulizia, kwa mtu anayejua ngozi nyeusi. Leo huna haja nayo. Ulikuwa ukitafuta tiba ya bila dawa kwa jambo lililoletwa na dawa unayoihitaji ili uishi. Ungeniambia Februari tungelimaliza Machi. Nami ningekwambia Machi, lakini nilikuwa na langu.

Kwa Nanjala usipeleke mtu. Nenda mwenyewe, mchana, ukasimame mlangoni umwambie jina la ugonjwa. Akikufukuza, umefukuzwa ukiwa mkweli.

Nimeomba likizo ya Januari.

Shangazi yako,
Rispah


Bondeni, Mombasa
15 Novemba 1998

Shangazi,

Shikamoo. Huku joto limeanza, utakuja likiwa kali, na Bi Mwanatumu ameshaanza kuuliza kama samaki wa barafu huyeyuka. Mkono wa Awiti umepona, ingawa haunyanyuki mpaka juu kama zamani. Mimi nina miezi mitano na nusu sijaanguka. Daktari alinibadilishia dawa mwezi wa Agosti. Chunusi za mgongoni zimekwisha, za usoni zimebaki chache, na makovu yapo. Nilipita pale juu ya duka la vitambaa. Mlango una kufuli na Griffins hajulikani alikokwenda. Mwenye duka anasema kila siku watu wanapanda ngazi kumuulizia.

Kwa Nanjala nilikwenda kama ulivyonielekeza. Nilisema neno lenyewe mlangoni. Akasema, "Nilikuwa nimejitayarisha kwa baya zaidi." Alilia, lakini alilia kwa hasira, akanieleza ni usiku ngapi alikuwa amekosa usingizi akinizika kichwani mwake. Wiki tatu hakutaka kuniona. Ya nne alikuja mwenyewe, akanitaka nimwelekeze afanye nini nikianguka. Nikamwambia anilaze ubavu, asinitie kitu mdomoni. Aliandika kwenye daftari lake la shule.

Baba yake alikuja Jumamosi iliyopita. Tulimpokea saa kumi ukumbini kwa Bi Mwanatumu. Mama nilimwita kwa barua, sikutarajia, lakini alikuja, akakaa pembeni na leso yake imefunga mpaka mdomoni. Mzee ni mtu wa reli, amestaafu, mrefu, haongei bure. Alinitazama uso kwa muda kama anayesoma ratiba.

Sikungoja aulize. Nilisema, "Mzee, nina kifafa. Nakunywa dawa. Nilimficha binti yako mwaka mzima, na hilo ni kosa langu, si lake."

Akauliza, "Na baba yako?"

Nilifungua mdomo, na kabla sijajibu nikasikia sauti ya Mama.

"Alikuwa nacho," alisema. "Mume wangu alikuwa nacho. Alitolewa kwenye dawa na watu waliompenda, akaingia kisimani. Mimi ndiye niliyemzuia huyu asiambiwe. Nilidhani namkinga."

Bi Mwanatumu aliacha kupepea. Shangazi, sijawahi kumsikia Mama akisema sentensi tano mfululizo juu ya Baba maisha yangu yote. Hakulia. Alifungua leso mdomoni akavuta pumzi.

Mzee alianza kuuliza, na aliuliza mengi: naanguka mara ngapi, nani yuko nami kazini, daktari anasemaje juu ya watoto. Nilimjibu yote, na nisilolijua nikasema silijui. Jua likazama tukiwa bado tumekaa pale pale. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mwisho akaniuliza, "Hiyo dawa huinywa saa ngapi?"

Nikamwambia, "Saa moja asubuhi na saa moja jioni, baada ya kula."

Akavuta mkono wa shati akatazama saa yake. Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuondosha gari moshi stesheni:

"Nanjala! Imebaki dakika kumi. Mbona mtu huyu hajaletewa chakula?"

Mwanao,
Kenga